Mgongo Wangu na Mashine ya Mama Kavira

Ninamwandikia mtu aliyelala. Kama wewe umekaa vizuri na miguu yako inakusikia, soma tu, sikukatazi, lakini wewe si wa kwanza kwenye foleni. Wa kwanza ni yule anayeshika simu juu ya uso, mkono unachoka, simu inamponyoka na kumpiga puani, naye hawezi hata kugeuka ubavu kuikwepa. Nilikuwa mimi huyo. Wakati wangu nilimtafuta mtu wa kuniambia yeye alipitaje, sikumpata. Niliwapata tu watu wa kuniuzia mafuta ya kupaka.

Naitwa Mwajuma, nyumbani Mwaju. Tunakaa Ndosho, upande wa Goma unaoelekea Sake. Papa ni dereva wa lori, huleta maharage kutoka mji wa Kiwanja. Yeye na Mama asili yao ni Maniema, kwa hiyo nyumbani kwetu ni swala, wali na kelele. Shule niliiacha katikati ya sekondari. Ndoto sikuziacha, na ndoto yangu ilikuwa ndani ya simu: nilikuwa nauza mtandaoni vitu vya mafundi wa mtaani kwetu wenye ulemavu.

Wa kwanza alikuwa Mama Kavira, Mnande wa Butembo. Polio ilimchukua miguu akiwa bado mtoto wa mgongoni. Anatembelea baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono, na anashona mikoba na wanasesere wa kitenge ambao ukiwatazama unadhani watakusalimia. Wa pili alikuwa Paluku, mguu mmoja umekatwa gotini. Anachonga chukudu ndogo za kuchezea, mfano wa zile baiskeli za mbao zisizo na pedali zinazobeba mizigo mjini kwetu. Nilikuwa naweka kazi zao juu ya mawe meusi ya volkano nyuma ya nyumba na kupiga picha. Lile jiwe halilipiwi, na kitenge kikikaa juu yake kinawaka. Wateja walikuwa Kinshasa, Bujumbura, hata ndugu zetu walioko Ulaya. Vifurushi vilivushwa mpaka hadi Gisenyi, Rwanda, na wafanyabiashara wengine wenye baiskeli kama ya Mama Kavira, na huko vikapandishwa basi.

Tulikuwa na sheria moja tu, na aliyeiweka ni Mama Kavira. Picha ionyeshe kitu, au kitu na mikono. Miguu hapana.

“Mutu anunue mufuko,” alisema. “Miguu yangu haiko ya kuuza.”

Jioni ambayo mlima ulipasuka sitaisimulia, kila mtu wa Goma ana yake. Yangu ni ya siku chache baadaye, asubuhi, ardhi bado inatetemeka, tulipotangaziwa kwamba watu wahame. Papa alikuwa Kiwanja. Mama na wadogo zangu wawili walikuwa wametangulia na majirani, mimi nikapitia kwa Mama Kavira. Baiskeli yake ilikuwa tayari. Nyuma, ndani ya sanduku la mizigo, walikuwa wamekaa wajukuu zake. Mlangoni pamebaki kichwa cha cherehani, kile chuma kizito cheusi, naye anakitazama kama mtu anayemwacha ndugu.

“Kiache, Mama. Tutakirudilia.”

“Moto haiachake kitu ya kurudilia.”

“Basi nipe.”

“Weye? Na ile shingo ya ndege?”

Lakini alinipa. Alinifunga jinsi wanawake wa kwao wanavyobeba kuni, kamba pana ya kitambaa kwenye paji la uso, mzigo unaning'inia mgongoni, unatembea umeinama. Barabara ya Sake ilikuwa mto wa watu. Mwanaume mmoja akapaza sauti, “Ona mutoto wa Maniema, leo amegeuka Munande!” Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Mama Kavira alikuwa mbele yangu anazungusha mikono, kila mara anageuka kuangalia kama nimeanguka. Sikuanguka.

Tuliporudi mjini, vituo vya afya vilijaa migongo. Goma nzima ilikuwa inaumwa mgongo. Kwenye benchi la kungojea muuguzi alikuwa anapita na kuuliza kabla hata ya jina, “Ulibeba nini?” Huyu godoro, yule televisheni. Mwanamke mmoja akasema mama mkwe, watu wakavunjika mbavu. Zamu yangu nikasema mashine ya kushona. Muuguzi akapiga mluzi, benchi lote likaniangalia kwa heshima, nikapewa vidonge vya maumivu na kuambiwa nipumzike. Ardhi ikatikisika kidogo tukiwa pale. Wote tukatazama dari, tukatazamana, tukaendelea kungoja.

Nilirudi kwenye benchi lile mara nyingi. Wengine migongo yao ilipona, wakaacha kuja. Mimi nikabaki, na jibu langu likabaki lilelile: mashine.

Mama alikuwa na jibu kali zaidi.

“Ni ile kamba! Sisi batu ba Maniema, muzigo yetu iko ku kichwa. Ku kichwa, Mwaju! Nani alikuambia uvute na paji la uso kama ngombe?”

“Mama, wanawake wao wanabeba hivyo tangu zamani.”

“Bao, ndiyo! Mifupa yao imezoea. Yako ilijulia wapi?”

Maneno hayo hayakubaki nyumbani. Siku moja Mama alijifunga kanga akaenda hadi kwa Mama Kavira. Mimi sikuwepo, Paluku ndiye aliyenisimulia, na siku hiyo hakutia utani. Alisema Mama alisimama uani mbele ya wateja akasema, “Uliona mutoto wangu ni punda? Umemuvunja. Umezoea kukaa, umetaka na yeye akae.” Mama alipoondoka, Mama Kavira alifunika mashine kwa kitambaa, akaisukuma chini ya kitanda, na tangu siku hiyo hakuigusa. Wateja waliendelea kuniandikia, dada mikoba imefikia wapi, na mimi niliwatumia vijimoyo vyekundu. Mkoba haukuwepo hata mmoja.

Mvua zilikuja, nikaanza kupungua. Blauzi zilizonibana zikawa zinaning'inia. Nikilala mchana kidogo naamka nimelowa jasho, na nje kuna baridi ya kuvaa sweta. Mama aliniitia mkandaji, mama mmoja mwenye mikono kama mawe. Alinikanda na mafuta ya moto hadi nikazimia. Nilipozinduka alikuwa anamwambia Mama kwamba ubaya umetoka. Ndugu yangu unayesoma, kama mtu akikugusa mgongo unaona giza, usimruhusu tena, hata akiwa shangazi yako.

Halafu Mama akiniogesha akasimamisha kitambaa. “Hii ni nini?” Kulikuwa na kitu kimetokeza katikati ya uti wa mgongo, kama kifundo. Aligusa polepole. Akaendelea kunimwagia maji mpaka yakaisha.

Miguu iliaga bila kelele. Nilikuwa natoka kununua makala, mkaa wetu wa kupikia, mwanamke akaniita kwa nyuma, “We dada, kilatu yako imebaki huku!” Nikatazama chini. Mguu ulikuwa mtupu juu ya mawe makali, unatoka damu, na haukuwa umeniambia chochote. Haukupita muda mrefu nikaamka asubuhi moja, nikaituma miguu ishuke kitandani, haikwenda.

Sasa niseme yale ambayo watu hawayasemi. Mkojo haukunisikiliza tena. Mama aliniwekea beseni, akanifunga vitambaa kama mtoto mchanga, mimi msichana mkubwa ambaye wenzangu walikuwa wanaolewa. Kila alipokuja kunibadilisha, wadogo zangu Amina na Hamisi walifukuzwa uani, na kwa kuwa nyumba yetu ni ya mbao nilisikia Hamisi anamuuliza dada yake, “Mwaju amerudi kuwa mutoto?” Niliuma shuka. Harufu yangu niliisikia mwenyewe. Wageni walianza kusalimia kutoka mlangoni.

Paluku hakusimama mlangoni. Aliingia na gongo lake, akakaa ukingoni mwa kitanda, akanitazama kutoka juu mpaka chini kama mtu anayekagua mbao.

“Karibu, memba. Ulituuza wee, kiisha ukasema acha nione biro ya chama yao inafananaje.”

Nilicheka mpaka mgongo ukaniadhibu.

“Karte ya memba utapewa,” akaendelea. “Lakini kwetu mutu anaingia na mguu moja imepungua. Weye umeleta zote mbili. Ni tamaa!”

Kisha akawa anachezea mpira wa gongo lake. “Miye walinikata, nilijua mguu yangu iko wapi. Yako iko hapa, na haiko. Iyo sijui nikuambie nini.” Akafuta macho kwa kiganja, akaniomba nisiwaambie watu.

Ni jirani yetu aliyeleta lile wazo. “Si uko na ukurasa yako ku simu? Weka picha ya ule mugongo. Batu ba Ulaya baone, batasaidia.” Mama akalishika kwa mikono miwili. Nikakataa. Nikamwambia kwamba siku nitakapoweka kifundo changu pale, hakuna atakayeuona mkoba tena. Watatuma huruma, na huruma haiji mara ya pili kuagiza.

“Ni kiburi!” Mama alipiga kelele. “Utakufa na kiburi yako na ukurasa yako!”

Niligeuza uso ukutani. Ndicho kitu pekee nilichoweza kugeuza.

Lakini mwili ukishindwa, na maneno yanashindwa. Siku moja, baada ya kuwa nimejichafua mara nyingi mno, nilimwambia Mama achukue simu apige hiyo picha. Alinilaza kifudifudi, akanifunua, akanyanyua simu. Nilingoja ule mlio. Nikangoja. Nikageuza kichwa nikamwona anautazama mgongo wangu ndani ya kioo cha simu. Akaiweka simu chini, akanifunika mpaka shingoni.

“Hapana. Huyu ni mutoto wangu.”

Akampigia Papa. Papa akawaambia madereva wenzake, madereva wakachangishana, na lori lililokuja kushusha maharage likanipeleka hospitali kubwa nikiwa juu ya magunia, Mama amenishikilia kichwa.

Pale nako kuna benchi. Sikukaa, nililala chini ya benchi juu ya kanga, miguu ya watu ikipita karibu na sikio langu. Ukiwa chini unaijua miguu ya watu: mwenye haraka, mwenye woga, anayejifanya hakuoni. Daktari alikuwa mwanamke kijana. Alitazama picha zangu za eksirei muda mrefu, kisha akachuchumaa karibu nami, wala hakuuliza nilibeba nini.

“Maumivu yalianza lini?”

“Siku ya kukimbia volkano.”

“Kabla ya siku hiyo, hakuna kitu? Fikiri vizuri.”

Nilifungua mdomo kusema hakuna. Kitu fulani cha mwezi wa mfungo, kabla ya mlima, kilinijia taratibu, kama mtu unayemjua anayekuja kwa mbali.

Ilikuwa kifua kikuu, alisema, kimekula mfupa. Mama akaruka. “Kifua? Lakini hana kikohozi!” Daktari akamweleza, mimi siwezi kurudia vizuri. Nilichoshika ni viwili. Kwamba mashine haikuvunja kitu. Na kwamba tumechelewa. Nikamuuliza kama miguu itarudi.

“Inaweza kurudi,” alisema. “Inaweza isirudi. Dawa ni za muda mrefu, na usiruke hata siku.”

Hilo “inaweza isirudi” ndilo nililobeba kutoka siku hiyo, na lilikuwa zito kuliko chuma chochote.

Dawa nilizianza kiangazi, vumbi la Ndosho linaingia mpaka kwenye meno. Vidonge vyekundu kabla ya kula chochote. Asubuhi ya kwanza Mama alipoona rangi ya mkojo kwenye beseni alipiga ukelele majirani wakaja. Ulikuwa kama Fanta. Usiogope ukiona hivyo, hiyo ni dawa inapita. Nilitapika, nikameza tena. Walinifunga koseti ngumu kifuani mpaka kiunoni, nikawa kama mzigo uliofungwa tayari kwa safari ambayo haiondoki. Majirani walisikia neno “kifua”, wakakitenga kikombe nilichozoea kunywea kwao, na kituo cha afya kikawaambia kwamba ugonjwa wangu hauruki kwenda kwa mtu. Kikombe hakikurudi.

Nilimtumia Mama Kavira sauti kwa simu. Nikamwambia yote, kwamba daktari kasema si mashine. Jibu lake lilichelewa, likaja fupi: “Aksanti mutoto. Uko na roho muzuri. Ni ya kunituliza, nimeskia.” Hakuamini. Na nyumbani kwetu hakuweza kuja, maana Mama, hata baada ya kumsikia daktari kwa masikio yake, alikuwa bado anasema, “Kama asingebeba, labda ule ugonjwa ungebaki umelala.” Mtu akishampata wa kumlaumu, kumwachia ni kazi.

Kiangazi kikaisha, miguu kimya. Vidonge vikabadilishwa, miguu kimya. Mvua zikarudi, na vita vikashuka pamoja nazo. Waasi walichukua Kiwanja, barabara ikakatika, na Papa akabaki upande ule na lori lake. Mtandao ulikuwa unapatikana akipanda kilima. Alikuwa anasema neno moja tu kabla haujakatika, “Unakunywa dawa?” Nilikuwa najibu ndiyo kwa simu ambayo imeshanyamaza. Watu wa kule walifika Goma na vyungu vichwani, wakajenga vibanda vya plastiki juu ya mawe. Kila asubuhi jirani alikuwa na habari kwamba waasi wako karibu zaidi.

Na siku moja, jua limepanda, kelele zilianza barabarani: “Banakuya! Banakuya!”

Kama ulikuwa Goma unajua jinsi mtaa unavyoinuka. Milango, sufuria, akina mama wakiita watoto kwa majina yote mawili. Pikipiki zilipotea kama zimemezwa. Mama alifunga furushi, akamshika Amina, akamshika Hamisi, akasimama katikati ya chumba akinitazama. Aliwaachia, akaja kuninyanyua. Nilipiga ukelele wa maumivu. Akajaribu tena, koseti ikanichoma, tukaanguka wote wawili juu ya kitanda.

“Nenda, Mama.”

“Nyamaza.”

“Nenda na batoto. Mimi hapa nitajifunika, hawatanitafuta.”

“Nimesema nyamaza!”

Risasi zilisikika, sijui za nani, sijui wapi. Hamisi akaanza kulia. Mama aliweka chupa ya maji karibu na kichwa changu, na vidonge vyangu, na kipande cha mkate. Alifunga mlango. Akaufungua tena. Akaufunga.

Nililala nikisikiliza miguu. Miguu yote ya Ndosho ilikuwa inapita ukutani kwangu, mizito, myepesi, ya kandambili, ya viatu, na kila mmoja ulikuwa unamtii mwenyewe. Nilimnung'unikia Mungu, kisha nikamwomba radhi, kisha nikanung'unika tena. Nilitazama ule mfuko wa dawa na nikawaza jambo ambalo sitaliandika. Kama na wewe limekupitia, ujue kwamba hata mimi, mtu wa kucheka, lilinipitia. Mwite mtu, yeyote. Mimi sikuwa na wa kumwita, niliita tu, “Mama, Mama,” kama Hamisi.

Ndipo niliposikia mnyororo unaolia. Ulikuwa unakuja, watu wakienda. Watu walikuwa wanautukana, “Toka njiani, wee mama, umekuwa kichaa?” Ukafika mlangoni kwetu, ukagonga jiwe, ukasimama. Mlango ukasukumwa kwa chini. Mama Kavira aliingia kwa mikono yake, anaburuta miguu, kitenge kimejaa tope.

“Mama Kavira! Batu bote banakimbia!”

“Ndiyo, nimebaona. Banasema nazuia njia.”

“Na weye juu ya nini hukukimbia?”

“Nikimbie na nini?”

Tuliangaliana, tukacheka, Mungu atusamehe, mji unakimbia na sisi tunacheka.

“Bajukuu bangu bameenda na mama yao,” alisema akivuta pumzi. “Miye nimekuya kukaa. Mama yako alisema nimezoea kukaa. Ni kweli, najua kukaa kuliko bote. Basi nimekuya tukae.”

Alinusa, akajua, hakuuliza. Akavuta beseni, akanifungua vitambaa, akanisafisha, akiimba kitu cha kanisani kwa sauti ya chini. Nikamwambia niko na aibu. “Aibu ya nini? Kuna mutu wa kukuona?” Alipomaliza aliegemea kitanda, kichwa chake karibu na changu, tukasikiliza nje. Kisha akasema lile alilokuja nalo.

“Mwaju, siku ile ku njia ya Sake. Niligeuka kila mara, nilikuona umeinama. Nilisema nimwambie aitupe ile mashine. Sikusema. Niliitaka mno.”

“Haikuwa mashine, Mama.”

“Usinidanganye leo. Labda tutakufa leo.”

“Unakumbuka mwezi wa mfungo, kabla ya mlima kupasuka? Nilikuja kwako kupiga picha za wanasesere. Nikashindwa kukaa, nikalala kifudifudi juu ya mawe yenye jua. Ukanicheka.”

Niliona macho yake yanatafuta.

“Nilikuita mujusi,” alisema polepole.

“Ulisema, ‘Ona mujusi wa Maniema anaota jua.’ Nilikuambia nini?”

“Ulisema mugongo yako iko na baridi ndani.”

“Na nguo yangu?”

“Ilikuwa maji. Nilikupa kitenge ubadilishe. Nikasema ni njaa ya mfungo.” Alishika kinywa. “Mbele ya mlima. Ilikuwa mbele ya mlima!”

Hakulia kwa upole. Alilia kama mtu anayetapika, amekamata mbao ya kitanda, na mimi nikimpapasa kitambaa cha kichwani, mkono haufiki vizuri. Ule mwaka wote na zaidi alikuwa amelala juu ya kitanda ambacho chini yake kuna kitu kilichonivunja. Sasa kilikuwa chuma tu.

Kelele zilipungua. Ilikuwa uvumi, siku hiyo hawakufika. Alasiri Mama alirudi anakimbia, watoto nyuma, kanga imepotea. Alisukuma mlango akaita jina langu, akamkuta Mama Kavira uani, amekaa ndani ya maji ya sabuni, anafua vitambaa vyangu.

“Mama Kavira.”

“Mama Mwaju.”

“Ulikuya.”

“Nilikuya.”

Mama akachuchumaa, akashika upande wa pili wa kitambaa, wakakikamua pamoja, huyu akizungusha kulia, yule kushoto. Kilipoisha maji Mama akasema, “Nilimuacha. Nilimuacha peke yake.” Mama Kavira akasema, “Ulikuwa na batoto wawili na mikono miwili.” Mama akaenda kuwasha makala. “Utakunywa chai,” akasema bila kugeuka, na haikuwa swali.

Juma lile mashine ilitoka chini ya kitanda. Mama Kavira alinitumia sauti ambayo haina neno, ni ile trrr trrr ya sindano tu, na mimi niliisikiliza mpaka chaji ikaisha. Nikarudi kazini nikiwa chali. Paluku akawa anapiga picha, mbaya, nusu ya kidole chake imo ndani, mimi nazikata na kuzipanga na kujibu wateja. Mmoja wa Kinshasa aliuliza kwa nini tulinyamaza. Nikamwandikia kwamba tulikuwa na matengenezo. Aliagiza mikoba, hakuagiza huruma.

Usidhani baada ya hapo mambo yalinyooka. Papa alirudi, lori halikurudi. Mji uliendelea kushtuka. Na kila asubuhi nilimeza vidonge, nikatuma habari kwenye miguu, kimya. Mwisho niliacha kutuma. Nilikuwa nimeshaanza kupima kwa macho upana wa mlango wetu, kama baiskeli ya mikono itapita.

Amina ndiye aliyekuwa ananikata kucha za miguu, kazi yake ya Ijumaa. Ijumaa moja nilikuwa naandikiana na mteja. Nikasema, “Amina, taratibu, unaniumiza.” Mkasi ukasimama. Nikanyanyua macho kutoka kwenye simu. Amina alikuwa ananitazama, mdomo wazi. “Nimekuumiza?” aliuliza. “Wapi?” Nikaonyesha kidole. Alipiga ukelele nyumba nzima ikaingia, na siku hiyo kila mtu alinifinya miguu mpaka ikapata madoa, na mimi nasema, “Tena. Hapa tena.”

Mengine yalikuja kwa uvivu. Kukaa. Kukaa bila kizunguzungu. Kusimama na kuanguka juu ya Papa. Mguu wa kulia umerudi karibu wote. Wa kushoto unaburuta, na daktari anasema huenda utaburuta daima. Kifundo kipo. Nikivaa nguo ya kubana kinaonekana, na mimi huvaa. Wewe uliyelala, sijui yako itaishaje. Siwezi kukuahidi miguu, mimi mwenyewe sikuahidiwa. Nakuomba tu umeze hata siku ambayo huamini, na mtu akikuuliza ulibeba nini, mwambie na wewe ilianza lini.

Karibu na mwisho wa dawa nilimwambia Mama nataka kwenda chooni. Goma huwezi kuchimba, ni jiwe tupu, kwa hiyo vyoo vyetu vinajengwa kwenda juu, na chetu kina ngazi za mawe zisizo na pa kushika. Mama akasema atanibeba. Nikasema hapana. Nilichukua gongo la akiba la Paluku, nikavuka uwanja, nikapanda kwa mguu mzuri na kuuvuta mwingine, ngazi kwa ngazi, koseti inanikaba, jasho linaingia machoni. Nyuma yangu Mama, Mama Kavira na Paluku walinifuata kwa macho. Nikaingia. Nikavuta mlango wa bati, nikatia komeo.

Giza kidogo, inzi, mwanga mwembamba kwenye matundu ya misumari. Tangu nilipolala hapakuwa na mlango nilioufunga mwenyewe.

Nje wakaanza.

“Mwaju, umemaliza?” Huyo Mama.

“Mumuache,” Mama Kavira kutoka kwenye baiskeli yake.

“Kama ameanguka?”

“Tungesikia, bati ingelia,” Paluku akasema. “Ila kama amelala. Mwaju! Umelala? Kuna foleni huku!”

“Foleni ya nani?” Mama akauliza.

“Yangu!”

“Mwaju, mama, jibu basi. Uko muzima?”

Nilikuwa nimeshamaliza kitambo. Miguu ilikuwa inatetemeka, imesimama.

“Niko muzima,” nikasema. “Muniache kidogo.”

Nikasikia kiti kinavutwa uani, na mtu anakaa, na wakaniacha.